Betri Mgongoni mwa Syombua

Watu wa upande wetu wakiulizwa habari za Syombua, mke wa Ndululu, husema, "Yule aliyekuwa akibeba betri," kisha wanacheka kidogo. Mimi sicheki. Sioni la kuchekesha kwa mwanamke kutembea saa tatu kwenda Emali na saa tatu kurudi, kila baada ya wiki mbili, miaka miwili na ushee, na mgongoni amebeba kitu kisichomlisha wala kumvisha.

Ndululu alikuwa tarishi wa ofisi ya mifugo. Jeshini alifundishwa kupanda pikipiki, na aliporudi kutoka vitani mwaka wa 1946 jembe lilikuwa limemtoka mkononi kabisa. Alinunua pikipiki kuukuu kwa karani mmoja wa reli kule Kibwezi, na ofisi ikamwajiri kwa sababu ya hiyo pikipiki, apeleke barua na dawa za chanjo kwa machifu. Alijivuna, tusifichane. Miwani yake ya vumbi haikutoka usoni hata siku ambazo hakuwa na safari. Syombua alimpenda hivyo hivyo na majivuno yake.

Mwaka wa 1951 gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga wa mto mkavu, likamrusha Ndululu juu ya jiwe. Pikipiki ilipinda usukani tu. Ndululu alivunjika uti wa mgongo. Alilala hospitali miezi minne, na binti yao Muthoki akapelekwa Kitui kwa bibi yake, akabaki huko, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtunza. Siku ya kuondoka, daktari alisimama na Syombua mlangoni akasema maneno yake kwa Kizungu, na dresa, yule mfunga vidonda, akamfasiria kwa sauti ya chini: mume wako hatasimama tena. Syombua aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Kisha akaenda kwenye machela aliyolazwa mumewe.

"Amesema nini?" Ndululu akauliza.

"Amesema upumzike."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe kwa uongo ule.

Mkubwa wa ofisi alituma salamu: nafasi yako tumekuwekea, mradi upone na pikipiki iwe nzima. Yalikuwa maneno ya adabu tu, ya kumpa mgonjwa, na nadhani aliyeyatuma aliyasahau kabla ya chai yake kupoa. Ndululu aliyashika kama hati ya shamba. Akaamuru pikipiki iingizwe ndani ya nyumba na isimamishwe karibu na kitanda, mahali anapoweza kuigusa kwa mkono.

Na pikipiki ya aina ile haiwaki bila betri. Ile ya kwake ilikuwa ya zamani, hata Nairobi hawakuwa na nyingine ya kufanana nayo. Betri nayo haijui kupumzika. Ukiiweka tu bila kuitumia, moto wake unapungua siku kwa siku, na ukiiacha ikaisha kabisa na kukaa hivyo, haipandi tena hata uitie moto wa namna gani. Ndululu aliyajua hayo tangu jeshini.

"Betri ikifa, mama Muthoki, na kazi yangu imekufa," alimwambia mkewe. "Mpelekee Jabiri."

Jabiri alikuwa fundi wa injini kwenye kinu cha kusaga mahindi, karibu na stesheni ya Emali. Alizaliwa Kitui mjini, katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walitoka pwani, na yeye na Ndululu walikula chakula cha jeshi sufuria moja. Alikuwa amejitengenezea chaja: dainamo ya lori iliyozungushwa na mkanda wa injini ya kinu, nyaya mbili, na ubao wenye globu. Umeme ulipita kwanza kwenye globu, ukapunguzwa nguvu, ndipo ukaingia kwenye betri kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka kinu kifungwe.

"Hii haitaki haraka, shemeji," alimweleza Syombua siku ya kwanza. "Nikiifungulia moto wote itachemka, mabamba ya ndani yapinde, basi. Hii ni ya kulea tu. Wiki mbili, unaileta. Wiki mbili, unaileta. Ukikosa mara moja utanilaumu bure."

Hakukosa hata mara moja. Kila Jumanne ya pili aliamka kabla ya jogoo, akamwekea mumewe kibuyu cha maji na uji karibu na mkono, akaondoka. Emali alifagia unga uliomwagika kinuni, kwa sababu Jabiri alikataa kulipwa na yeye alikataa kukaa bure. Ilipofika alasiri alifungasha betri na kurudi. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa ameshafika, ameifunga mahali pake, na Ndululu ameinua kichwa kwenye mto.

"Washa taa."

Taa kubwa ya mbele ilimulika ukuta wa udongo. Ndululu alihesabu moja hadi kumi kwa sauti, polepole, kisha akasema, "Zima." Baada ya hapo ndipo alipokula. Siku nyingine, Mungu amsamehe, Syombua alibonyeza ile swichi akitamani isiwake. Kisha ikawaka, naye akaona haya kwa kutamani hivyo, akaenda kupakua chakula.

Kanisani waliomba kwa ajili ya Ndululu mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili walihamia kwa wagonjwa wapya, na Syombua hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuomba mapema kuliko wao. Alichoka kumwomba Mungu jambo ambalo daktari amelikataa.

Sasa hili la kubeba. Mwanamke wa Kikamba habebi mzigo kichwani. Anautia ndani ya kyondo, kile kikapu cha nyuzi, ukanda wake anaupitisha kwenye paji la uso, anainama, na mzigo unalala mgongoni. Ndivyo alivyobeba maji, kuni, mahindi na Muthoki mwenyewe. Lakini maji na kuni havina kinyongo ukivilaza. Betri ikilala ubavu, asidi inatafuta vile vitundu vya juu inakopumulia.

"Beba kichwani kama mama zetu," Jabiri alimwambia. "Ikae wima. Hii kitu inachoma, shemeji."

Alijaribu. Hakufika hata kwenye reli. Shingo yake haikuujua mzigo wa namna hiyo, betri ikayumba, ikambidi aidake kifuani. Ikianguka ikapasuka, atarudi nyumbani na nini? Aliogopa hilo zaidi ya kuungua. Akairudisha kwenye kyondo, na Jabiri akaziba vitundu kwa nta ili aibandue afikapo. Nta ikayeyuka kwa jua kabla ya kilima cha kwanza.

Kwanza ni kyondo kilichooza, nyuzi zikikatika zenyewe. Akasuka kingine. Halafu gauni likatoboka mgongoni, tundu moja, tundu tano, mpaka likawa kama chujio.

"Hiyo nguo imefanya nini?" Ndululu aliuliza siku moja.

"Panya."

"Panya gani wanakula mgongo tu?"

"Panya wa njaa, baba Muthoki. Na wao mvua haijawanyeshea."

Ndululu akacheka, naye Syombua akajifunza kutompa mgongo. Alitoka nyumbani kinyumenyume kama mtu anayeaga mfalme. Ngozi iliwasha, ikachubuka, ikapona vibaya, ikachubuka tena palepale. Usiku alilala kifudifudi akisema ni joto.

Jumanne moja ya mwaka wa 1953 Jabiri aliona damu kwenye leso. Alikoroga magadi ya kuua asidi kwenye bakuli la maji, akamwita mke wa mpishi wa hoteli ya jirani aje amwoshe Syombua nyuma ya magunia. Syombua aliporudi akajikalisha mbele ya ule ubao, akiitazama globu.

"Shemeji," Jabiri akasema, "nikuulize kitu, na usinikasirikie. Ndululu atapanda hiyo pikipiki?"

"Hapana."

Lilimtoka hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu.

"Sasa unabeba ya nini?"

"Nikiacha, nitamwambia nini?"

Alasiri Jabiri aliipangusa betri pande zote, akaizungushia gunia mara mbili, akamsindikiza mpaka kwenye reli.

Syombua alipofika nyumbani aliinama kuitua, na gauni, lililokuwa limeoza kuanzia shingoni, likapasuka lote kwa mara moja. Alikuwa amempa mumewe mgongo. Aligeuka haraka, lakini macho ya Ndululu yalikuwa yameshaona. Ndululu aligeuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza hakutaka taa iwashwe.

Asubuhi alikunywa uji, akarudisha kata, akasema, "Washa taa."

Syombua akaifunga betri, akawasha. Alingoja kuhesabu. Hakuna aliyehesabu.

"Nizime?"

"Acha."

"Itaisha moto, baba Muthoki."

"Najua."

"Ikiisha si unajua—"

"Najua kushinda wewe. Acha iishe." Akaitazama taa. "Yule daktari alidhani sijui Kizungu. Nilikaa na Waingereza miaka mitano. Machela ilikuwa pale pale. Nilimsikia."

Syombua alikaa chini kwenye sakafu. Hasira ilimpanda. Miaka miwili! Alihesabu haraka haraka zile Jumanne, akashindwa.

"Ulisikia," akasema. "Ulisikia, na ukanituma. Kila mara ukanituma. Kwa nini?"

Ndululu alijibu bila kumtazama.

"Ukiwa hapa siwezi kulia. Jumanne ulikuwa huko, mchana kutwa. Nililia mpaka nikamaliza, halafu nikangoja uje." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Sikujua inakuchoma. Naapa sikujua."

Syombua alitaka kumpiga na alitaka kumshika kichwa, na hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Taa ilikuwa ikiwaka mchana kweupe, ukutani, bila kazi. Mara moja alinyoosha mkono kwenye swichi. Betri ile ilikuwa imekula ngozi yake, na bado kuiacha ife kulimuuma kama kumwacha mtu. Ndululu hakumzuia. Mkono ulikaa pale, kisha akaushusha mwenyewe.

Ilipofika saa nne mwanga ulikuwa wa manjano. Baadaye ukawa mwekundu, ukabaki uzi tu ndani ya kioo, na wakati Syombua alipotoka kuwapa mbuzi maji na kurudi, hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeiondoa betri. Kama Jabiri angeletewa siku ile ile pengine angeiokoa, lakini hakuletewa, wala siku iliyofuata.

Wiki mbili zikapita. Jumanne Syombua aliamka gizani, akapika uji, akajaza kibuyu, akajifunga leso. Ndipo mikono ikakosa cha kuchukua. Alikaa mlangoni akitazama kukipambazuka. Jua likapanda, kuku wakatawanyika, na yeye bado yuko pale, akisikia mumewe akipumua ndani kwa nguvu, kama mtu aliyebeba kitu kizito na hana pa kukitua.

"Mama Muthoki," Ndululu akaita. Sauti yake ilikuwa imekaza. "Leo huendi mahali?"

Syombua akamwelewa.

"Naenda," akasema.

Alisogeza uji karibu na mkono wa mumewe, akatoka, akafuata njia ya Emali bila kitu mgongoni. Alipopita kona, mahali ambapo nyumba haionekani wala sauti haifiki, aliketi kando ya njia. Watu wa sokoni walimpita wakamsalimu, wakamuuliza anamngoja nani, naye akawajibu kwamba amepumzika kidogo tu. Alikaa hapo mpaka saa yake ya kurudi ilipofika.