Vikombe Kumi na Vitatu

Bahasha ya kaki ilikaa siku tisa sakafuni nyuma ya mlango, pale pale ilipodondokea, na Melvyn Hepple aliiruka kila alipopita. Si kwamba aliiogopa. Kuogopa kunataka nguvu, na nguvu hizo zilimwisha miaka ile walipofunga mgodi. Aliiruka tu kama mtu anavyoruka dimbwi.

Aliyeifungua ni dada yake mkubwa, Audrey, ambaye alikuja kila Ijumaa na mkate na supu. Aliisoma amesimama, koti bado mwilini. Ile posho ya ugonjwa aliyopewa Melvyn zamani, iliyoandikwa kwamba ni ya maisha, ilikuwa imefutwa. Ipo nyingine yenye jina jipya, lakini ni ya kuombwa upya, na kwanza atakuja mtu kumtazama nyumbani. Asipoipata, nyumba itamshinda, na ataishia kwenye bweni la mjini, chumba kimoja na watu asiowajua. Audrey alilisema hilo mara moja, taratibu, wala hakulirudia.

Zamani barua kama hiyo isingeandikwa. Daktari wa kijiji alikuwa ndiye aliyemzalisha mama yao, na akisema huyu hataweza tena kazi, hakuna aliyembishia. Mama wa posta alimjua Melvyn kwa kikohozi chake. Alhamisi, siku ya kuchukua posho, asipomwona alifunga dirisha na kwenda kumgongea mlango. Leo daktari ni sauti ya simu inayokuambia wewe ni wa kumi na saba kwenye foleni, na pale palipokuwa posta sasa wanapaka watu rangi za kucha.

Melvyn alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha taa. Kila mchimbaji aliyeshuka alipokea taa kutoka mkononi mwake, na kila aliyepanda aliirudisha, ikatundikwa kwenye ndoana yake. Ndoana ikiwa tupu, maana yake kuna mtu bado yuko chini. Mgodi ulipofungwa, wenzake wengine walipata ulevi, wengine kazi ya kulinda maghala. Melvyn alipata sauti. Wanaume walimjia kila alfajiri kuomba taa, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzikwa, naye hakuwa na taa ya kuwapa. Akaanza kuweka vikombe badala ya taa kwenye ngazi ya ndani, kimoja kwa kila kidato, vidato kumi na vitatu. Sauti zikapungua. Sindano ya hospitali ya kila mwezi ikapunguza zilizobaki, na ikapunguza na mengineyo yote: njaa, kicheko, majonzi. Siku ya kumzika mama yake alisimama kaburini akiwaza kwamba viatu vinambana.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Vikombe havikuguswa, mapazia yalibandikwa ukutani kwa utepe, na nguo aliyovaa mwanzo wa mwezi ndiyo aliyokuwa nayo mwisho wa mwezi.

Siku moja kabla ya mtazamaji kufika, Audrey alikuja na ndoo na brashi. Katika mtaa ule mwanamke hakuruhusu mtu wa ofisini akanyage uchafu. Hata nyumba isiyo na chakula ilikuwa na kizingiti cheupe, kilichosuguliwa kwa magoti. Basi Audrey alipiga magoti na miaka yake sitini na mitano, akasugua kizingiti. Alibandua utepe, akafungua madirisha, akatupa magunia manne ya takataka. Vikombe alivikusanya, akaviosha, akavipanga kabatini.

Asubuhi yake alimkalisha Melvyn kwenye beseni la kuogea, akamsugua mgongo, kisha akachukua wembe.

“Inua kidevu.”

“Vikombe, Dada.”

“Nitavirudisha kesho. Mgeni atakaa saa moja tu. Au unataka wakaseme watoto wa Hepple walilelewa zizini?”

Akamvalisha suti ya marehemu baba yao.

Mtazamaji alikuwa msichana mpole aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Jade. Siku hizi hata ukoo mtu hakuambii. Alifungua kompyuta magotini na kumuuliza Melvyn hali yake.

“Si mbaya. Siwezi kulalamika.”

Hivyo ndivyo baba yake alivyojibu siku alipotolewa mgodini mguu umevunjika mara mbili. Kila mwanamume wa kijiji kile hujibu hivyo, na kila mtu pale anajua kwamba jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Jade hakuwa wa pale. Aliandika.

Audrey alimpa Melvyn sinia la chai alipeleke. Jade aliisifu keki, akauliza kama Melvyn ndiye aliyeoka. Audrey alikuwa ameoka mwenyewe alfajiri, lakini ni utovu wa adabu kumdhalilisha mwenye nyumba mbele ya mgeni.

“Alinisaidia,” alisema.

Muda wote huo ngazi ilikuwa tupu, na wanaume walikuwa wamejaa juu yake, kila mmoja akiulizia taa yake. Melvyn hakugeuza shingo. Alimtazama Jade usoni, kwa kuwa pa kutazama pengine palikuwa pabaya zaidi.

Jibu lilifika baada ya wiki sita. Nyumba yake ni safi. Amenyoa, amevaa nadhifu, anamtazama mtu machoni, anakaribisha wageni, anasaidia kuoka. Alama za kutojiweza alizopata: sifuri. Audrey aliisoma barua kwa sauti mpaka mwisho. Melvyn aliisikiliza kama hali ya hewa ya nchi nyingine.

Walimwendea mzee Thirlwell, aliyekuwa karani wa chama cha wachimbaji enzi kilipokuwa chama, na ambaye sasa hukaa ukumbi wa kanisa kila Jumanne kuwaandikia watu rufaa. Aliuliza nani alisafisha nyumba.

“Mimi,” alisema Audrey.

“Na keki ukaoka.”

“Ya tangawizi.”

Mzee alivua miwani. “Mama yangu naye angefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana nusu ya mtaa wenu wamenyimwa. Sasa sikiliza. Mbele ya baraza la rufaa utasema lile ambalo hujamwambia hata mchungaji.”

Walisubiri miezi mitano. Posho ilikuwa imesimama, na Melvyn alikaa sebuleni na koti na kofia, hita imezimwa.

Barazani walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Mmoja, daktari mwenye mvi, alimuuliza Melvyn hali yake. Si mbaya, alijibu Melvyn. Daktari hakuandika. Akamgeukia Audrey.

Audrey aliongea macho yakiwa kwenye mkoba wake.

“Haogi. Mimi ndiye ninayemwogesha, mtu wa miaka hamsini na minane. Siku ile nilimnyoa mimi, nikamvalisha mimi, na keki niliioka mimi. Vikombe vyake nilivificha. Nyumba ile inanuka. Miaka thelathini inanuka, na siku zote nimewaambia majirani ni bomba la maji machafu.” Alifunga na kufungua mkoba. “Nilisafisha kwa sababu niliona aibu. Aibu ni yangu. Yeye haoni kitu.”

Melvyn alikuwa anatazama hita ya ukutani. Alijua kwamba kuna jambo lilipaswa kupanda kifuani mwake. Alilisubiri kidogo. Halikupanda.

Walishinda. Posho ni ya miaka mitatu, kisha atakuja mwingine kutazama.

Ijumaa iliyofuata Audrey alikuja na mkate na supu. Alikunja mikono ya sweta akaenda kwenye sinki, akasimama, akaikunjua. Haja ilipomshika ilimbidi apande juu chooni. Alishika sketi yake, akapita katikati ya vikombe vyenye vumbi, hatua kwa hatua, na hakugusa hata kimoja.

“Vyote vipo?” aliuliza aliposhuka.

“Vipo,” alisema Melvyn.

Audrey alipofungua mlango aliona kizingiti kimeanza kuota ukijani. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa dirishani. Audrey alimsalimia kwa kichwa, akakivuka, akaenda zake.