Simu Mbili, Laini Moja

Siku hizi mpwa wangu akiona mtandao unasuasua hufoka kama aliyeibiwa. Mimi humwangalia tu. Hajui habari ya modem ya kupiga simu, mashine ya kuingilia mtandaoni kwa laini ya simu, ile iliyokuwa ikilia kriii-kraaa mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia.

Nyumba yetu ya Likoni ilikuwa na laini moja na simu mbili: moja sebuleni, penye kompyuta, nyingine chumbani kwa mama. Kaka yangu alikuwa baharia, na barua pepe zake zilikuwa zimekatika ghafla. Redio ikataja meli iliyopatwa na dhoruba, jina hatukulisikia vizuri. Majirani wakaanza kuja kumpa mama pole. Pole ya nini, na mtu hatujaambiwa amekufa? Walinikera, wallahi.

Basi kila jioni nikawa napambana na modem. Inapiga, inalia, inakaribia kushika, inakatika. Nikakwangua kutu kwenye waya kwa wembe, maana hewa ya chumvi haiachi kitu. Nikabadilisha waya wenyewe. Nikapunguza kasi. Wapi! Nikamtukana hata aliyeniuzia.

Jioni moja niliiacha inapiga, nikapita mlangoni kwa mama. Simu yake ikatoa kamlio kadogo, ting, na papo hapo akainyanyua.

"Salaam aleikum! Ni wewe, mwanangu?"

Akasikiliza ile kelele, kisha akairudisha taratibu. Sebuleni modem ikakatika.

"Kila jioni anapiga," akaniambia. "Ila sauti yake haitoki. Huko aliko kuna upepo mwingi."

Hasira zote ziliniishia. Nikamweleza kwamba anayepiga ni mimi, na kelele ile ni ya mashine. Akanifuata sebuleni. Akaketi kando yangu, mikono kaipakata, nikapiga tena. Ikashika.

Barua ya kaka ikafunguka kwa kujikongoja. Mzima. Mama akasema alhamdulillahi, akalia waziwazi, nami nikalia. Kisha nikamsomea yaliyobaki: "Kompyuta ya melini iliharibika, sasa tuko bandarini. Kila jioni nawapigia, naambiwa simu inatumika. Kwani mnaongea na nani?"

Nikachomoa waya wa modem, tukasubiri. Simu ilipolia, ikalia kweli, mama hakunyoosha mkono. Aliitazama, akanitazama mimi, mpaka nikamwambia, "Ni yeye, mama. Pokea."