Klasi Iliyomnyang'anya Babu Mtoto Wake

Kabla yule msichana wa Muheza hajahamia shuleni kwetu, fundi wa kompyuta nilikuwa mimi. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa uchungu. Klabu ya kompyuta ilikuwa na watu kumi na wawili, na wenzangu kumi na mmoja walikuja kwa ajili ya feni.

Akaja yeye katikati ya kidato cha tatu, sketi imepigwa pasi mpaka ukingo wake ungeweza kukata mkate. Haongei. Mwalimu akiuliza swali, anatazama dari kwanza, halafu anajibu sawasawa. Nilimchukia yeye, na dari pia.

Ndipo mwalimu akatangaza shindano. Laptopu ya klabu, moja tu, ingekwenda nyumbani na mwanafunzi mmoja likizo nzima ya Juni. Ili uipate, utengeneze klasi ya kutunzia ukoo, ionyeshwe siku ya wazazi. Kwa asiyejua, klasi kwenye programu ni kama kile chuma cha vitumbua: unakitengeneza mara moja, halafu kila kitumbua kinatoka na umbo lile lile. Nililala nikiiota ile laptopu. Niliota mpaka chaja yake.

Klasi yangu niliiita Mtu. Ndani ya kila mtu kulikuwa na mwenzi wake na watoto wake, na ndani ya kila mtoto watoto wake, hivyo hivyo hadi chini, kama masufuria ya dukani, dogo ndani ya kubwa. Nikaweka na sheria: hakuna anayekaa katika sufuria mbili. Ukimweka pengine, anatoka alikokuwa. Niliona huo ndio usafi. Nikaanza kuwamwaga ndugu zangu mle ndani.

Tatizo ni ndugu zangu. Sisi ni wa zile familia zilizotoka Omani zamani zikafungua maduka, na watu wetu hupenda kuoana wenyewe kwa wenyewe. Baba na mama ni watoto wa ndugu wawili. Nilipomwingiza mama kwa baba yake, alikaa vizuri. Nilipomwingiza tena kwa baba, kama mke, akahama, na pale kwa baba yake pakabaki patupu, maana mama ni mtoto wa pekee.

Hilo nililiona, wiki moja kabla ya siku ya wazazi. Kulirekebisha kulitaka kuibomoa klasi nzima na kuanza upya. Nikamtupia jicho yule wa Muheza. Kashamaliza! Amekaa anamung'unya ubuyu, vidole vyekundu, anatazama dari lake. Nikajiambia, nani atakwenda kuchungulia tawi la babu? Nikapaka rangi ya kijani juu, nikaweka maua pembeni.

Siku ya wazazi mama alikuja na bibi, mama yake. Walikaa mstari wa mbele, wananukia udi mpaka mwalimu wa nidhamu akapiga chafya. Nikaanza mimi. Nikawasalimu wazee shikamoo, nikatania kidogo kwamba ukoo wetu ni mkubwa kiasi kwamba kompyuta imeomba mapumziko. Watu wakacheka. Matawi yakatokea ukutani na maua yake. Wakapiga makofi. Yule wa Muheza alipiga pia, na hilo lilinikera zaidi.

"Sasa," mwalimu akasema, "mzazi yeyote aombe jina, tuone."

Bibi akasimama. Nilijua ataomba jina langu, mjukuu kipenzi. Lakini kwetu mjane hajitangulizi mbele ya marehemu, wala hawatangulizi wajukuu.

"Nitafutie babu yako, Mungu amrehemu."

Nikaandika. Ukutani likatokea jina la babu, na chini yake maneno niliyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya wasiojaliwa watoto: Hana mtoto.

"Hana mtoto?" bibi akauliza.

"Bibi, hii ni kompyuta tu..."

"Hana mtoto! Na huyu niliyekuja naye kwenye bajaji ni nani, jini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi ndiye huwachekesha watu pale shuleni, lakini siku ile sikuhusika. Mama hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta kama mtu aliyetoka msikitini akakuta viatu vyake havipo mlangoni.

Mwalimu, kwa huruma au kwa ukatili, sijui, akamwita yule wa Muheza. "Hebu tia ukoo huo huo kwenye klasi yako."

Akautia, bibi akimtajia nani ni wa nani. Hakuwa na maua hata moja. Akaandika jina la babu, na chini yake akatokea mama. Akaandika jina la baba, mama yupo pale pia. Yule yule, bila kuhama.

Bibi yangu akapiga vigelegele.

Nimerudia kulifikiria hili mara nyingi. Bibi yangu mwenyewe, aliyenilea kwa mkate wa kumimina, alimpigia vigelegele mtu mwingine mbele ya shule nzima. Tena virefu. Mimi nilipopata ubingwa wa hisabati alisema tu, "Haya, kaoshe vyombo."

"Wa nani wewe, mwanangu?" akamwuliza.

"Wa Muheza, bibi. Babu yangu alikuja kukata mkonge."

Laptopu akapewa yeye. Nikamfuata nje nikamwuliza kwa kiburi kilichobaki, "Ulifanyaje?"

Akanieleza bila kuringa, jambo lililonikasirisha. Yeye hakumweka mtu ndani ya mtu. Watu wote aliwaweka kando, kila mmoja mara moja tu, halafu akatengeneza klasi ya pili, Tawi, ambayo kazi yake ni kunyoosha kidole: huyu ni wa yule. Vidole viwili vinaweza kumwelekea mtu mmoja, na mwenyewe asisogee.

"Mwanzo niliifanya kama yako," akasema. "Lakini mama yangu yuko Kigombe, na mimi nalelewa na mama mkubwa. Nikijiingiza kwa mama mkubwa, natoka kwa mama. Sikupenda."

Mimi niliona pengo la mama yangu nikapanda maua juu yake. Yeye aliona lake akabomoa kazi yote.

Bibi akatukuta pale. "Unamwangalia nini mwenzio kabeba mzigo? Mbebee mpaka kituoni. Na wewe mwanangu, likizo uje kwangu na hiyo mashine, nikutajie waliobaki. Huyu hawajui."

Nikaichukua. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoota. Nikaikumbatia kifuani kwa mikono miwili na nikatembea polepole, polepole sana, nikisimama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Yeye alinisubiri kila mara.

Kituoni akanyoosha mkono. "Nipe basi."

"Ngoja kwanza," nikasema, "gari lenyewe bado."

Gari la Muheza lilikuwa limesimama mbele yetu, mlango wazi, konda anatuita.