Bibi Ananiandalia Kombe, Daktari Anataka Tumbo Tupu

Dada wa ukurasa, shikamoo. Nanyi wasomaji mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Naomba jina langu na la shule yangu yasionekane, kwa sababu Mama yangu naye huwa anasoma visa vya hapa.

Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne. Naishi Chumbageni hapa Tanga na Bibi mzaa mama. Mama anafundisha shule ya msingi huko Lushoto, huteremka wakati wa likizo. Naumwa tumbo tangu kidato cha pili. Nikila, panawaka chini ya kifua kama nimemeza kaa la moto, nisipokula, pananyonga. Natapika, choo kinakuwa cheusi, na sketi ya shule iliyokuwa ikinibana sasa naikaza kwa pini. Nimeambiwa ni amiba, nikaambiwa taifodi, nikaambiwa vidonda vya tumbo, kila zahanati na jina lake, na dawa zote nimemeza nikamaliza. Darasani nikiomba ruhusa ya chooni, wavulana wa nyuma wanasema, "Simameni, Mheshimiwa anakwenda bungeni!" Nacheka nao. Kilichoniumiza ni siku niliyotapika mstarini, matroni akaniita kunipima mimba. Majibu yakaonyesha sina, lakini hakuna aliyerudi mstarini kuwaambia wenzangu.

Likizo iliyopita Mama alinipeleka kwa daktari bingwa ambaye huja hapa mjini mara chache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti, wenzangu wamekisia vya kutosha. Mimi nataka kuona." Akaeleza kwamba atapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni, na achukue kinyama kidogo cha kupima. Sharti lake ni kwamba nisile tangu usiku, na asubuhi nisinywe chochote, hata maji, maana nikitapika wakati wa kipimo vinaweza kuingia kwenye mapafu. Niliogopa. Lakini pia nilifurahi, maana sasa ugonjwa wangu ungepata jina moja la kweli.

Kipimo kiliangukia shule zikiwa zimeshafunguliwa. Asubuhi hiyo, Mama akiwa anaoga, Bibi aliingia chumbani na bakuli. Lilikuwa kombe. Alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa marashi.

"Kunywa, mke mwenzangu. Sema bismillahi."

"Bibi, daktari amesema hata maji nisinywe."

"Kwani mimi nimekupa maji? Haya ni maneno ya Mungu. Maneno yanajaza tumbo?"

Nikanywa. Wasomaji, msinihukumu. Huyu ndiye anayenishika paji la uso nikitapika, anayefua shuka zangu bila kunung'unika, anayenipikia uji wa mchele kisha anakaa kunitazama mpaka niumalize. Sijawahi kulikataa kombe lake.

Hospitalini, nesi aliniuliza kama nimekula au kunywa kitu. Nikasema nimekunywa kidogo. "Umekunywa nini?" Nikamtazama Mama, nikasema, "Maji." Daktari akavua glavu zake. "Leo sikupimi. Sitaki nikutibu tumbo nikuue kwa mapafu." Tuliposhuka kwenye bajaji mlangoni, Mama akasema, "Nimeomba ruhusa kazini, nimeshuka milima, mwenzangu umeshindwa na kiu ya asubuhi moja?"

Bibi alikuwa kibarazani, akasikia kila neno. Mama alipoingia ndani, Bibi alinivuta sikio taratibu, akaninong'oneza, "Umeona? Mungu amekuepusha na mipira yao."

Hapo ndipo nilipoelewa. Babu naye aliumwa tumbo, na Mama ndiye aliyeshikilia apasuliwe. Aliingia chumba cha upasuaji akiwatania manesi, akatolewa maiti. Baada ya arobaini, Mama na Bibi walikaa muda mrefu hawasemeshani, salamu zao zikipitia kwangu. Sasa nikimwambia Mama kwamba ni kombe, najua atasema, "Ameanza tena," na atanihamishia Lushoto mtihani ukiwa karibu. Bibi atabaki peke yake na lawama.

Daktari amenipangia tena Alhamisi hii. Nikiikosa, atakaporudi nitakuwa ndani ya mtihani wa taifa, na wiki hii choo cheusi kimerudi. Mama anashuka kesho. Sahani imeshaandikwa, iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe. Siwezi kujifanya nakunywa kisha nikamwaga, kwa sababu maji ya aya hayamwagwi mahali pa kukanyagwa, nimefundishwa hivyo tangu chuoni, na kumdanganya Bibi kwa maneno ya Mungu siwezi.

Nimewaza jambo moja. Nimwombe Bibi twende naye. Kombe alitie kwenye chupa safi, akae nalo nje ya mlango, na daktari akiniruhusu kunywa, hilo liwe la kwanza kuingia tumboni mwangu. Moyo unaniambia linaweza kufaa. Jana nilianza, "Bibi, kuhusu Alhamisi..." Akanikatiza, "Alhamisi nitaamka kabla yako."

Ninyi mliolelewa na bibi, na ninyi mlio bibi wenyewe, nisaidieni. Nimwambieje asione kwamba nimeuamini mpira nikamwacha Mungu? Nataka tumbo langu lionekane. Na nikitoka mle ndani nikiwa hai, nataka Bibi awe wa kwanza kuniona. Nishaurini mapema, Alhamisi ni keshokutwa.