Mwalimu wa Hesabu Aliyepoteza Sauti

Darasa langu pale Nguba lilitenganishwa na la jirani yangu kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo kwa miaka mingi nilifundisha Kifaransa huku nikisikia hesabu. Jirani yangu alikuwa na sauti nzito. Alitaja kanuni, wanafunzi wakaitikia kwa pamoja kama kanisani, na somo likaisha.

Kisha akaugua koo. Alitoka hospitali mzima, ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono usiofika hata dawati la pili. Wengi wetu tulidhani ataacha kazi. Jumatatu akaja, suruali imepigwa pasi, chaki mfukoni.

Asubuhi ile sikusikia kitu ng'ambo ya ukuta. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameandika swali ubaoni, kisha akaketi nyuma kabisa, kati ya wanafunzi, anangoja. Msichana mmoja akainuka, akajaribu, akakosea. Mwalimu hakumrekebisha, alimwonyesha kwa ishara ampe mwenzake chaki. Baada ya siku chache ukimya ule uligeuka mabishano makali, hata wanafunzi wangu wakaacha kunisikiliza mimi, wakawa wanasikiliza ukuta.

Papa prefe, mkuu wetu wa shule, hakupendezwa. Aliingia darasani mwao, nami nikiwa mlangoni, akasema mwalimu asiye na sauti hawezi kushika darasa. Atamtafutia kazi ya ofisini.

Yule msichana aliyekosea siku ya kwanza akasimama. "Papa prefe, mbele alikuwa anatuambia jibu, sisi tunarudilia. Sasa anatuuliza. Ukimutoa, nani atatuuliza?"

"Na mwenye hajui?" prefe akauliza.

"Mwenye hajui ndiye anaendaka ku tablo wa kwanza," msichana akajibu, akionyesha ubao.

Prefe alimtazama mwalimu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kuficha tabasamu. Kisha prefe mwenyewe akachukua chaki, akaandika swali gumu, akakaa kuwatazama. Alibaki humo hadi kengele ya mapumziko. Alipotoka aliniambia tu, "Abakie."

Msichana yule sasa ni mwalimu huko Walungu.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya kesho ya shule: simu zenye majibu yote, madarasa yaliyofurika, vitabu vinavyokosekana. Katika mazungumzo hayo mimi humfikiria jirani yangu. Sauti imemrudia kidogo, ya kukwaruza, lakini anaitumia hasa kuuliza, "Umejuaje?" Simu inampa mtoto jibu upesi, sijaona bado inayomngoja afikiri jinsi mtu huyu anavyongoja.

Nami nimejifunza kunyamaza, kazi iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko Kifaransa chenyewe. Wiki hii wanafunzi wangu wamegombania kitenzi kimoja somo zima. Nilijua jibu, nikakaa nalo kimya, na walipolipata walikuwa wamenisahau kabisa.