Kisu cha Pete ya Shaba

Asubuhi ile, kabla redio haijatangaza lolote, Elineema alikaa juu ya gogo nyuma ya zizi letu kule Marangu akipambana na kisu changu. Tulikuwa tumetoka kukata majani ya ng'ombe. Alikivuta, akakibana kati ya magoti, akakitukana kwa Kichagga, nami nikacheka mpaka nadhani waliokuwa juu Kibo walinisikia.

Kilikuwa kisu cha kukunja, lakini si kama hivi vya dukani. Baba yangu mdogo, mhunzi, alikifua kutoka springi ya lori, mpini akauchonga kwa pembe ya ng'ombe, na shingoni akakivisha pete ya shaba. Niliwaambia watu kingeweza kumnyoa simba na simba asiamke. Hapo niliongeza chumvi, ila si gunia zima. Kilichokuwa kweli ni kwamba hakikufunguka kwa asiyejua. Ukilivuta bapa, linajibana zaidi. Sharti uzungushe pete nusu kushoto, kisha ulisukume bapa ndani kwa kidole gumba, ndipo lenyewe linaruka nje. Tk. Baba mdogo alinionyesha mara moja. Mimi sikumwonyesha mtu.

"Nifundishe basi," Elineema alisema.

"Siku utakayooa."

"Dada yako yupo? Nioe leo, jioni niwe na kisu."

Alikuwa mtu wa Mwika, tulibeba pamoja mizigo ya wageni mlimani. Vita vya Uganda vilipoanza tulijiandikisha siku moja, tukapanda lori moja.

Kambini kisu kilinipa jina. Tukisubiri amri, wanaume walipanga mstari kukijaribu. Sajini mmoja mwenye viganja kama majembe alijaribu mchana kutwa, akakirudisha akisema ni pembe tupu, hakina kisu ndani. Watu walicheka mpaka wakasahau walikokuwa. Nilijivunia hilo. Wengine walikuwa na nguvu, wengine shabaha; mimi nilikuwa na siri ndogo mfukoni.

Tulikuwa tumeshavuka mpaka siku yenyewe ilipofika. Malori matatu, barabara ya matope, mafunjo na maji kulia na kushoto. Mimi nilipangwa lori la mbele. Elineema alikuwa la pili, juu ya masanduku, na kamba ya turubai ilikuwa imelegea.

"We Nderingo, nipe kisu nikate hii kamba niifunge upya."

Nikamrushia. Akakidaka.

"Umenipa kimefungwa."

"Leo utafungua mwenyewe."

Wenzetu wakacheka. Yeye pia alicheka, akanionyesha ngumi. Dereva wetu akaondoa lori.

Kombora la kwanza lilianguka mbele yetu.

La pili sikulisikia. Nililiona lori la nyuma yetu likiinamia majini, polepole, kama ng'ombe anayelala.

Tulilala mtaroni. Risasi zilikata mafunjo juu ya vichwa vyetu. Waliokuwa lori la pili waliruka, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa mwisho.

Sauti iliita jina langu. Mara mbili. Nilidhani Elineema anataka kujua kama niko hai.

Sikuinuka.

Kulipotulia, lori lilikuwa limezama hadi kwenye turubai. Elineema tulimtoa majini, kamba imezunguka mguu mara tatu. Hakuwa na jeraha hata la mwiba. Bunduki yake ilikuwa mbali. Kisu kilikuwa mkononi, kimefungwa, na kwenye pembe kulikuwa na alama za meno.

Sajini yule alikitazama. "Alikuwa nacho. Kwa nini hakukata?"

"Sijui," nikasema.

Tulimzika hukohuko. Niliporudi, nilikwenda Mwika kumwambia mama yake kwamba ilikuwa risasi, na hakuhisi kitu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Amefariki akiamini hivyo.

Miaka ikapita, nikaanza masomo ya jioni nikiwa na mvi. Mwalimu alitaka insha kuhusu kitu unachokipenda. Niliandika kuhusu kisu, nikaweka simba watatu na chui mmoja, nikapata alama za juu kuliko wote. Elineema sikumtaja.

Mwaka jana nilikwenda kwa Ndeshi, dada yake aliyebaki. Nilibeba jani la isale. Kwetu, uliyemkosea ukimpelekea isale hana ruhusa ya kulikataa, na ndiyo maana nilikuwa nimeogopa kulibeba: niliona ni kama kuiba msamaha. Kwa hiyo nililiweka chini kwanza, nikasema yote mikono ikiwa mitupu. Hata kwamba aliita.

Ndeshi hakulia. Alikichukua kisu, akapitisha kidole kwenye pembe.

"Haya meno ni yake?"

"Ni yake."

Ng'ombe zizini alikuwa akicheua.

"Nionyeshe, kaka."

Nikamwonyesha. Akakifunga, akajaribu mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi. Nusu kushoto, gumba ndani. Tk.

"Kumbe ni hivi tu," alisema.

Isale alilipokea. Alilichomeka mgombani, pale ambapo kaka yake angelala kama tungemleta. Kisu alinirudishia kikiwa wazi. "Hiki sikitaki," akasema. "Kaa nacho."

Ninacho. Kilabuni bado nachekesha watu, simba bado ananyolewa. Ila akitokea mtu akakitazama, namfundisha kabla hajauliza, mlevi kwa mzima, mzee kwa mtoto. Mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.