Mashine ya Baba Siku ya Posa Yangu

Wazee wa mchumba wangu walipopanga kushuka kutoka Bura milimani kuja kuniposa, nyasi za uwanja wetu pale mtaa wa Kaloleni zilikuwa zimefika magotini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mvua ilikuwa imenyesha Voi mpaka tukaisahau ile ardhi yetu nyekundu. Wiki nzima mama alimwambia baba atafute mtu mwenye slasha aje azifyeke. Baba hakutaka kusikia. Alikuwa na mashine.

Aliachiwa na bosi wake, mhandisi aliyekuwa amerudi kwao Ulaya. Ilikuwa bomba refu lenye injini ndogo ya petroli upande mmoja, na upande wa pili uzi wa nailoni uliozunguka kwa kasi hadi ukakata majani. Baba alikuwa fundi wa injini za treni kwa zaidi ya miaka ishirini. Kitu kidogo kama kile, alisema, angekitumia hata amefumba macho.

Asubuhi ya posa akavuta kamba, mashine ikaitika. Majirani walisimama kwenye ua kutazama. Baba akakata kipande kama cha mikeka miwili, kisha injini ikakohoa, ikalegea, ikazima.

"Plagi hiyo," alisema. Akaifungua, akaisugua kwa brashi ya waya, akachungulia petroli kwenye tangi, akavuta kamba. Ikawaka! Majirani wakapiga makofi. Dakika tano, ikazima tena.

Akaosha kichujio cha hewa, akafungua tangi tena kutazama, ikawaka, ikazima. Akamwaga petroli yote, akisema oili iliyochanganywa nayo imezidi, akachanganya nyingine. Ikawaka, ikazima. Saa nne ilimkuta amechuchumaa mbele ya gazeti, kabureta imetawanyika vipande vipande juu yake, na uwanja una mabaka kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

"Baba fulani," mama alimwita kutoka mlangoni, akimtania kama mgeni, "wakwe zako wanafika saa sita. Utawaketisha wapi, ndani ya hiyo kabureta?"

"Inakaribia kupona," baba akajibu bila kuinua kichwa.

Mimi nilikuwa jikoni na gauni langu jipya, nimekatazwa kugusa chochote chenye moshi. Mama akanipa kopo la maziwa nifungue kwa ajili ya chai. Nikalitoboa kwa msumari, nikaliinamisha. Maziwa yakatoka tone, tone, yakakata. Nikatoboa tundu la pili upande wa pili ili hewa iingie, yakamiminika.

Nikasimama na lile kopo mkononi. Asubuhi yote, kila baba alipofungua kifuniko cha tangi, nilikuwa nimesikia kupitia dirisha la jikoni sauti ndogo, fyuu, kama mtu anayevuta pumzi. Na kila baada ya sauti hiyo, mashine iliwaka.

Niliogopa kidogo. Kumwambia fundi mambo ya injini mbele ya majirani, tena siku ya kuposwa! Lakini nilikwenda.

"Baba, nadhani haipati hewa."

"Kichujio nimeshakiosha, mwanangu."

"Si hewa ya injini. Ya tangi."

Akatazama lile kopo. Kisha akachukua kifuniko, akakielekeza juani. Katikati palikuwa na kitundu kidogo cha kuingizia hewa, kimezibwa na vumbi jekundu lililoshikana na oili. Nikachomoa pini kwenye nywele zangu, nikampa. Akakizibua, akarudisha kabureta huku nikimshikia vipande, akavuta kamba.

Dakika tano zikapita. Kumi. Mashine ilizidi kunguruma, na baba akaanza kuimba kwa sauti iliyoishinda.

Hakusikia wageni wakiingia. Walimkuta amejaa vipande vya majani hadi kwenye nyusi, nusu ya uwanja bado msitu. Akazima, akajifuta, akawaeleza yaliyompata. Mjomba wa mchumba wangu, mkulima wa mboga mwenye pampu yake ya maji huko milimani, akauliza ni fundi gani aliyegundua.

Baba angeweza kujisifu, na hakuna ambaye angembishia. Akaninyooshea kidole. "Ni huyu mnayemtaka."

Niliinamisha uso. Mikono yangu ilikuwa inanuka petroli, na chai ilikuwa inanisubiri niiandae. Mjomba akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Basi leo hatuondoki bila jibu," akasema. "Pampu yangu ina mwezi haifanyi kazi."

Mazungumzo yaliyokuwa yaanze saa sita yalianza saa tisa, kwa sababu kila mzee alitaka zamu yake na mashine. Mjomba ndiye aliyefyeka maua ya mama, mstari mzima, akidhani ni magugu. Mama alimtazama, akatazama maua yake, akamjazia kikombe cha pili.